Kabla Kreti ya Soda Haijaletwa: Mwongozo wa Mtaa Unaotaka Kuzuia Ukatili kwa Wanawake na Watoto

Karatasi ile niliiandika kwa mkono wangu. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe, nyumba ya tatu kutoka kwetu, pembezoni mwa jiji la Mwanza. Wazee sita, kreti moja ya soda, na mimi niliyeitwa kwa sababu nina mwandiko unaosomeka. Binti wa miaka 13 alikuwa ameharibiwa na ndugu wa ukoo, na kikao kilikuwa cha kuyamaliza. Nikaandika walichoniambia: ng'ombe wawili, fedha ya matibabu, na kwamba pande zote mbili hazitalifikisha jambo hili popote. Watu wakatia dole gumba. Binti mwenyewe alikuwa nyuma ya jiko, amejifunika kanga mpaka usoni, na hakuna aliyemwita. Alipelekewa soda yake. Ilikaa pale chini hadi sisimizi wakaizunguka chupa.

Nimeandika "ameharibiwa" kwa sababu ndivyo tulivyosema siku ile. Neno lake ni kubakwa. Na mtoto aliyebakwa hajaharibika.

Tangu hapo nimekaa miaka mingi kwenye kamati ya ulinzi ya mtaa, na nilichokiona ni hiki: kesi nyingi hazifii mahakamani. Zinafia chini ya mwembe, ndani ya siku tatu za mwanzo, mikononi mwa watu wanaoheshimika ambao wanadhani wanatenda wema. Kwa hiyo kazi kubwa ya mtaa ni kuwa na njia inayojulikana na kila mtu kabla tukio halijatokea, ili yule wa kwanza kusikia ajue mguu wake wa pili anauweka wapi. Mwongozo huu unafuata hatua tulizopita sisi, pamoja na zile ambazo tulichelewa kuzijua.

Na tatizo si la nyumba moja. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika nchini mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Kwa watu wazima, utafiti wa afya wa 2015/16 ulionyesha wanawake 40 kati ya 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa tangu walipofikisha miaka 15. Ule wa 2022 ulikuta 27. Tofauti hiyo inanitia moyo, maana inaonyesha mambo yanaweza kubadilika. Lakini hesabu nyumba mia za mtaani kwako, kisha uniambie kama 27 ni wachache.

Hatua ya kwanza: uliza kilichopo kabla ya kuunda kipya

Watu wengi wakiguswa na jambo hukimbilia kuanzisha kikundi, kuchapisha fulana na kufungua kundi la WhatsApp. Subiri kwanza. Kwa Tanzania Bara, Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, huu tunaouita MTAKUWWA, ulianza 2017/18, na awamu ya pili inakwenda 2024/25 hadi 2028/29. Ndani yake kuna Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto kuanzia mtaa au kijiji, kata, halmashauri hadi mkoa. Inawezekana kabisa mtaa wako unayo kamati kwenye makaratasi, na wajumbe wenyewe hawajui kuwa ni wajumbe.

Nenda kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji ukamuulize mambo matatu: kamati ipo? Ni akina nani? Ilikaa lini mara ya mwisho? Usiende kwa ugomvi. Mtendaji ana mafaili ya mwenge, ya chanjo, ya taka na ya migogoro ya viwanja. Mkute asubuhi, mkute na mwenzako mmoja, na mwambie mnataka kumsaidia kazi. Kisha mtafute Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata na Afisa Ustawi wa Jamii. Hawa wawili ndio watakaowapa uhalali wa kuingia pale ambapo jirani wa kawaida ataambiwa "hayakuhusu".

Kuhusu nani akae kwenye kamati, jambo moja nitalisema bila kuzunguka: cheo hakimfanyi mtu kuwa salama kwa watoto. Tafuteni mwalimu mmoja, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kiongozi wa dini, mama anayejulikana kwa kutunza siri, dereva wa bodaboda mwenye heshima kijiweni, mtu mwenye ulemavu, na vijana wa kike na wa kiume. Kabla ya kumkubali mtu, waulizeni wanawake wa jirani yake, kimya kimya, mmoja mmoja. Wakikaa kimya sana au wakiangaliana, mwacheni. Sisi tulimkataa mzee aliyekuwa na uwezo wa kutoa kiwanja cha ofisi, na sijawahi kujuta.

Kila mjumbe asaini ahadi fupi: hatapokea kitu kwa familia yoyote, hatakaa kikao cha kumaliza kosa la jinai, hatataja jina la manusura nje ya watu wanaohusika. Asomewe kwa sauti mbele ya wenzake.

Hatua ya pili: chora ramani, na wape watoto mawe

Hatua hii ndiyo iliyobadilisha kamati yetu kuliko semina zote tulizowahi kukaa.

Tulichagua Jumamosi asubuhi, uwanja wa shule, kivuli cha mkuyu. Watoto wa kike upande huu, wa kiume upande ule, kila kundi na mtu mzima mmoja wanayemwamini. Tukachora mtaa kwa kijiti kwenye vumbi: barabara kuu, bomba la maji, shule, msikiti, kanisa, kibanda cha video, mwalo wa dagaa, njia ya kati ya mashamba ya mihogo. Kisha kila mtoto akapewa mawe matano. Akaambiwa: "Weka jiwe pale ambapo ukipita unaogopa." Hakuna kutaja mtu, hakuna kuulizwa kwa nini.

Sisi watu wazima tulijua mawe yatajaa kwenye mihogo, na machache yalikwenda huko. Ila wasichana, mmoja baada ya mwingine, waliyaweka kwenye duka moja la karibu na bomba. Binti mdogo wa darasa la nne aliweka jiwe lake, akasimama kidogo, akarudi, akaliweka la pili juu ya lile la kwanza. Hapakuwa na neno. Mwalimu aliyekuwa naye aliniambia baadaye kwamba moyo wake ulimruka, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye huwatuma watoto pale kununua kalamu.

Wavulana nao waliweka mawe kibanda cha video na nyuma ya choo cha shule. Hapo ndipo kamati ilipoacha kuzungumza kana kwamba ukatili wa kingono ni wa watoto wa kike peke yao. Watoto wa kiume wanalawitiwa, na wanaficha zaidi kwa kuogopa kuchekwa.

Wakimaliza, chukua picha ya ramani au inakili kwenye karatasi, halafu futa ya chini kabla mtu mwingine hajapita. Usikimbilie kwenda dukani kumkabili mtu, maana jiwe si ushahidi. Linachokuambia ni pa kuanzia: nani hutumwa pale, saa ngapi, na kwa nini mtoto aende peke yake. Sisi tulianza na mambo madogo. Shule iliacha kutuma watoto dukani. Akina mama wa jirani walikubaliana watoto waende bombani kwa makundi kabla ya saa kumi na mbili jioni. Taarifa ya duka tuliipeleka kwa Afisa Ustawi, ambaye alijua namna ya kulifuatilia bila kuwaweka watoto hatarini.

Rudieni zoezi hilo na wanawake watu wazima, bila waume na bila mwenyekiti. Kwao mawe yatatua kwingine: kilabu cha pombe, njia ya kurudi mnadani usiku, na mara nyingi nyumbani kwao wenyewe. Mwanamke mmoja wetu aliliweka jiwe katikati ya mraba aliouchora kuwa chumba chake, akasema, "Mengine yote chukueni."

Hatua ya tatu: andikeni njia, na tafuteni nauli

Nunueni kauntabuku moja. Ukurasa wa kwanza uwe na majina ya huduma na simu zake, zilizopigwa na kuhakikiwa, si zilizonakiliwa kwenye bango la zamani:

- Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi kilicho karibu, na jina la askari wa zamu. Madawati haya yapo zaidi ya 400 nchini.
- Kituo cha afya au hospitali inayotoa huduma kwa waliobakwa saa 24, na kama kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii hukutwa mahali pamoja. Cha kwanza Tanzania Bara kilifunguliwa hospitali ya Amana, Dar es Salaam, mwaka 2013.
- Namba 116 ya msaada kwa mtoto. Haina malipo.
- Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au halmashauri.
- Msaidizi wa kisheria wa kata. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamtambua, na huduma yake kwa asiyejiweza ni bure.

Nendeni wenyewe mkaonane na watu hao kabla hamjawahitaji. Mkasalimie, mkaulize wanataka nini mkileta mtoto usiku. Askari wa dawati anayekujua kwa sura atapokea simu ya saa saba za usiku tofauti na anayeona namba ngeni.

Halafu nauli. Mambo makubwa yanakwama kwenye shilingi elfu chache, na watu hawapendi kulisema hili. Mama ana mtoto anayetokwa damu, hospitali iko kilomita 14, bodaboda anataka hela yake mkononi. Hapo ndipo jamaa wa mtuhumiwa hufika na noti, akasema "tumsaidie mtoto kwanza, mengine tutaongea". Tumeweka mkebe wenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili. VICOBA viwili vya mtaa, vikundi vya kuweka na kukopa, huchangia kila mwezi, na waendesha bodaboda wawili wamekubali kubeba kwanza na kulipwa kesho yake. Fedha ikitoka inaandikwa kwa tarehe na kiasi, bila jina la manusura.

Hatua ya nne: saa 72

Kila mjumbe, kila mwalimu na kila mwenye nyumba ya wapangaji aijue sehemu hii kwa moyo.

Mtu aliyebakwa au kulawitiwa anahitaji kufika kwenye huduma ya afya haraka iwezekanavyo, na kwa vyovyote ndani ya saa 72. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU baada ya tukio hufanya kazi zikianzwa ndani ya muda huo, na humezwa siku 28 mfululizo. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutolewa hadi saa 120, lakini kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Pia kuna kinga ya magonjwa mengine ya zinaa na matibabu ya majeraha. Siku tatu za vikao vya ukoo ndizo siku tatu hizo hizo.

Asioge. Najua mama yeyote akimwona mwanawe katika hali ile, kitu cha kwanza anachowaza ni kumwogesha. Mwambieni kwa upole kwamba maji yatakuja, ila daktari amwone kwanza. Nguo alizovaa zisifuliwe. Ziwekwe kwenye mfuko wa kaki au zifungwe kwenye gazeti safi, si kwenye plastiki, kwa sababu plastiki huzifanya ziote unyevu na ushahidi kuharibika. Mchukulieni nguo nyingine ya kubadili.

Fomu ya polisi namba tatu, PF3, inahitajika kwa ajili ya kesi. Kama kituo cha polisi kiko njiani na dawati liko wazi, pitieni. Kama ni mbali au hali ya mtu ni mbaya, anzeni hospitali, na mjumbe mwingine aende polisi wakati huo huo. Ndiyo maana tunatembea wawili.

Sasa kuhusu maneno. Mtoto akikueleza, jambo la kwanza anatazama uso wako. Kaa chini, uwe sawa naye. Mwambie, "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Nakuamini. Hukukosea." Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa kuwa utavunja ahadi hiyo ndani ya saa moja. Mwambie, "Nitawaambia watu wawili tu, ambao kazi yao ni kukusaidia." Usimuulize alikuwa amevaa nini, alikwenda kufanya nini kule, kwa nini hakupiga kelele. Usimrudishie maswali matano matano. Mahojiano ni ya askari wa dawati na ustawi wa jamii, na kila mara anaposimulishwa upya mbele ya shangazi, mchungaji na mwenyekiti, anaumia tena, na maelezo nayo hubadilika kidogo kidogo hadi wakili wa upande wa pili akapata pa kushika.

Andika kwenye kauntabuku maneno aliyosema kama alivyoyasema, tarehe na saa. Kama alisema "kidudu", andika kidudu.

Hatua ya tano: kikao cha kumalizana kikiitishwa

Kitaitishwa. Mara nyingi wanaokiitisha si watu wabaya. Wanaogopa undugu kuvunjika, wanaogopa binti kukosa mume, wanaogopa baba mwenye mshahara kufungwa na watoto kulala njaa. Ukiwatukana watakufungia mlango na kikao kitafanyika usiku kwa jirani. Nenda, amkia wazee, kaa, sikiliza hadi mwisho, kisha sema mambo haya kwa utulivu.

Ubakaji ni kosa la jinai. Anayeshitaki ni Jamhuri, si baba wa mtoto, na baba hana mamlaka ya kusamehe kwa niaba ya Jamhuri. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kama mtoto ni chini ya miaka 10, ni maisha. Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za haki ya mtoto kuvunjwa wajibu wa kuzipeleka serikali ya mtaa. Anayeketi hapa na kunyamaza anauvunja wajibu huo.

Watasema hakuna ushahidi, ni neno la mtoto dhidi ya mtu mzima. Waambie Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto aliyetendewa peke yake, ikiridhika kwamba anasema kweli. Nimeona wazee wakinyamaza kabisa wakisikia hili. Walikuwa na hakika neno la mtoto halina uzito popote.

Watasema atakosa shule kwa kwenda mahakamani kila mara. Hapo usiwabishie, maana ni kweli kesi huchosha. Waambie kamati itafanya nini: nani atamsindikiza, nauli itatoka wapi, mwalimu gani atamrudishia masomo. Familia nyingi hukubali kumalizana kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwamba hawatakuwa peke yao tarehe ya tatu ya kesi, wakati wale waliopiga kelele za mwanzo wamesharudi kwenye shughuli zao. Tumeandika zamu za kusindikiza kwenye kauntabuku, majina kwa miezi.

Pia usiruhusu kinyume chake. Kanda ya Ziwa tuna sungusungu, walinzi wa jadi, na kuna wakati damu za vijana huchemka wakataka kumshughulikia mtuhumiwa wenyewe. Kataa mara moja. Mtu akiuawa hakuna kesi, kuna mauaji, na walioua wataozea ndani. Tena watoto wengine wenye siri kama ile wataona kwamba ukisema, mjomba anachomwa moto. Hawatasema.

Hatua ya sita: mwanamke anayepigwa nyumbani

Hapa njia inabadilika, na wengi tunakosea kwa kumfanyia mtu mzima kama mtoto. Mwanamke ndiye anayejua hatari ya nyumba yake. Ukimlazimisha aondoke leo, unaweza kumsukuma kwenye siku mbaya kuliko zote. Muulize: amewahi kukukaba shingo? Amewahi kushika panga au kutishia kukuua? Kipigo kinazidi miezi hii? Una ujauzito? Majibu ya ndiyo yanamaanisha hatari kubwa, na hapo shauri la kwenda polisi au mahali salama lisisubiri.

Kama amechagua kubaki kwa sasa, msaidie apange. Begi dogo liwekwe kwa mtu anayemwamini: kitambulisho, kadi za kliniki, vyeti vya watoto, nguo mbili, fedha kidogo. Awe na jirani mmoja mwenye ishara. Mwanamke mmoja wa mtaani kwetu alitumia ungo: akiuanika ukutani upande wa barabara, jirani alijua ampigie mjumbe. Watoto wajue mlango wa kukimbilia.

Kuna suala la fedha pia. Mwanamke asiye na shilingi yake anahesabu nauli ya kwenda kwao na chakula cha watoto kabla ya kuhesabu vipigo. Utafiti uliofanyika hapa Mwanza kwa vikundi vya wanawake wa mikopo midogo ulionyesha kwamba wale waliopewa pia mafunzo ya mahusiano na haki walipata kipigo kidogo kuliko waliopewa mikopo peke yake. Kwa hiyo msitenganishe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Msaidieni kujisajili, na kila kikundi kikikaa kuhesabu hisa, tengeni nusu saa ya mazungumzo.

Hatua ya saba: wanaume, na pale wanapokaa

Mkutano wa hadhara utaleta wanawake 60, watoto 100 na wanaume tisa waliosimama pembeni. Acheni kuwaita. Wafuateni kijiweni, kinyozi, mwaloni, kwenye bao.

Mfano mzuri tunao jirani, Kampala. Uganda walianzisha njia waliyoiita kwa neno letu wenyewe, SASA!, ambayo haileti wataalamu kuhubiri. Inawaandaa majirani wa kawaida kuzungumza na majirani, miaka kadhaa, kuhusu nguvu: nani anayo, anaitumiaje, na unaweza kuitumia pamoja na mwenzako badala ya juu yake. Matokeo yalipotolewa 2014, ukatili wa kimwili wa wenza ulikuwa chini kwa 52% katika maeneo yaliyofanya kazi hiyo, ukilinganisha na yale ambayo yalikuwa hayajaianza. Ilichukua miaka. Anayekuahidi mabadiliko kwa semina ya siku mbili na bahasha, msikilize kwa tahadhari.

Kijiweni usianze na "ukatili ni kosa". Uliza swali: "Ulipokuwa mdogo, ni nani nyumbani mliyekuwa mkimsikia akija mnanyamaza?" Kisha kaa kimya. Dereva mmoja wa makamo, mwenye maneno mengi siku zote, aliifuta kofia yake ya pikipiki kwa kitambaa muda mrefu sana bila kuinua macho. Halafu akasema, "Sasa wananyamaza wangu." Siku hiyo hatukuendelea na mada nyingine.

Likizo, ndoa na ukeketaji

Kifupi, kwa kuwa kila eneo lina ratiba yake. Kwa wenzetu wa Mara, msimu wa ukeketaji huwa Desemba, shule zikifungwa. Kazi ifanyike Septemba na Oktoba: kuhesabu wasichana walio hatarini, kuongea na wazee wa mila, kupanga nyumba salama. Kumkeketa msichana chini ya miaka 18 ni kosa lenye kifungo cha miaka 5 hadi 15. Kwa ndoa, kumbukeni kwamba tangu 2016 Sheria ya Elimu inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari. Dalili ni utoro wa ghafla baada ya matokeo ya darasa la saba. Mwalimu mkuu awape kamati orodha ya wasioripoti kidato cha kwanza, na mjumbe abishe hodi kila nyumba wiki hiyo hiyo.

Kila baada ya miezi mitatu

Kaeni, fungueni kauntabuku. Taarifa ngapi, ngapi zilifika hospitali ndani ya saa 72, ngapi ziko mahakamani, ngapi zilizimwa na nani alizizima. Taarifa zikiongezeka mwaka wa kwanza msishtuke na msikubali mtu aseme mtaa umeharibika. Watu wameanza kusema. Mjumbe aliyechoka apumzishwe, na anayesikia mengi awe na mtu wa kumsikiliza yeye.

Na mawe yarudiwe mara moja kwa mwaka. Mwaka wetu wa pili, pale dukani liliwekwa jiwe moja tu. Yule binti wa darasa la nne, sasa yuko la tano, alilipita duka kwenye vumbi, akashuka na kidole hadi mwaloni, pale dagaa wanapoanikwa, akayaweka mawe yake matatu. Wenzake wakaongeza ya kwao. Alhamisi iliyofuata tulienda mwaloni saa kumi na moja alfajiri, mimi, mama mmoja wa VICOBA na mhudumu wa afya, kuangalia ni watoto gani hufanya kazi pale na wanalala wapi.